Ukuta Unapotoka Jasho: Kuifahamu Chai ya Kichina ya Kutoa Unyevu

Kati ya Februari na Aprili, Guangzhou, kusini mwa China, huwa na siku ambazo nyumba hutoka jasho. Maji yanachuruzika kwenye vigae, ngazi zinateleza, kioo cha bafuni hakionyeshi uso, na shati ulilolianika juzi leo ukiligusa bado ni bichi. Wenyeji huziita siku hizo huinantian, hali ya hewa ya “kurudi kusini”. Baridi iliyoshuka kutoka kaskazini imekwisha kupoza zege na vigae, kisha upepo wa vuguvugu uliojaa mvuke unapanda ghafla kutoka Bahari ya Kusini ya China, unakuta kuta bado za baridi, na mvuke unageuka maji juu yake. Ni lile lile la chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji ikawekwa mezani mchana wa Dar es Salaam, ila hapa chupa ni mji mzima. Mwenyeji hufunga madirisha. Mgeni huyafungua ili hewa ipite, na jioni anashinda akipiga deki.

Ndizo siku ambazo neno shiqi, unyevu, haliwatoki watu mdomoni. “Unyevu umenizidi,” mtu atakwambia, na wala hazungumzii ukuta. Ameamka na kichwa kizito kana kwamba kimefungwa taulo bichi, miguu anaiburuta, tumbo limejaa na hajala kitu. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefuata mzigo pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, angesema ni uchovu wa safari, au malaria inanyemelea. Mwenyeji anasimama kwenye kiduka cha kona, anaagiza bakuli la maji meusi, analipiga mafunda matatu huku amekunja uso, anatafuna kipande cha tunda lililokaushwa kuondoa uchungu, kisha huyo anakwenda zake kazini.

Kilichomo bakulini kinaitwa liangcha, yaani chai ya kupoza, na kwa kawaida hakina hata jani moja la chai. Hilo kwetu lisitushangaze. Neno letu chai asili yake ni cha ya Wachina, nasi tumelivika mchaichai, tangawizi na karafuu bila kumwomba mtu ruhusa. Liangcha ni mali ya Guangdong, jimbo la Guangzhou, pamoja na Hong Kong na Macau, na mwaka 2006 iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya China ya urithi wa utamaduni usioshikika. Jina lake kubwa zaidi kibiashara, Wong Lo Kat, huhesabu historia yake tangu mwaka 1828 hapo hapo Guangzhou.

Lakini si kila chai ya kutoa unyevu ni liangcha, wala si kila liangcha hutoa unyevu. Liangcha kazi yake ya kwanza ni kushusha joto la mwili. Chai za kutoa unyevu nyingine hupoza, nyingine hupasha, na nyingine hazifanyi lolote kati ya hayo. Wauzaji wengi wa mtandaoni huuruka mpaka huu, na mkanganyiko wote unaofuata huanzia hapo.

Unyevu ni nini hasa?

Tiba ya jadi ya Kichina inahesabu mambo sita ya hali ya hewa yanayoweza kumdhuru mtu yakipita kiasi: upepo, baridi, joto la kiangazi, unyevu, ukavu na moto. Kila moja lina tabia yake. Upepo huja ghafla na kuhamahama, leo bega, kesho goti. Unyevu ni kinyume chake: mzito, unashuka chini, unanata, ukishaingia hautoki upesi. Wana msemo kwamba baridi elfu moja huondoka kirahisi, bali unyevu mmoja ni kazi. Kwa hiyo tabibu akisikia “mwili mzito”, akiona miguu imevimba, akiambiwa choo kinanata na kuoga maji hakuondoi uchovu, na ulimi ukitolewa unaonekana mnene, wenye alama za meno kingoni na utando kama uji uliopoa, anaunganisha yote hayo na kuyaita kwa jina moja.

Unyevu huo una milango miwili. Mmoja ni wa nje: kulala nyumba yenye ukungu, kunyeshewa, kufanya kazi majini. Wa pili ni wa ndani, nao unahusu kiungo wanachokiita pi. Kamusi zitakwambia pi ni wengu, au bandama kama wengine wasemavyo, lakini ukiishika tafsiri hiyo kwa mikono miwili utapotea. Wengu wa daktari wa upasuaji ni kiungo cha damu na kinga. Pi ya tabibu wa Kichina ni kazi nzima ya kukipokea chakula, kukigeuza kuwa nguvu na kuyasafirisha maji mwilini. Katika hesabu yao ya vitu vitano, pi ni udongo. Udongo mzuri hunywa maji na kuyapitisha. Ukizidiwa, unakuwa tope. Huangdi Neijing, kitabu mama cha tiba hiyo chenye umri wa takriban miaka elfu mbili, kinasema kwa ufupi kwamba uvimbe na kujaa kwa unyevu kote ni kwa pi. Kinachoigeuza pi kuwa tope ni vyakula vibichi na vya baridi, mafuta mengi, pombe, na vitu vitamu. Hivyo vitu vitamu tuviweke akilini, tutavirudia.

Msomaji wa Pwani hapa ataanza kuhisi kwamba nyumba hii aliwahi kuingia. Tiba ya Kiarabu na Kiyunani iliyofika Lamu, Mombasa na Unguja, na inayotumika mpaka leo Oman, nayo huupima mwili kwa joto, baridi, ukavu na umajimaji. Maneno yake bado tunayo: hari, baridi, yabisi, rutuba. Siku hizi rutuba tumeiachia mashamba, lakini asili yake ni umajimaji. Na yapo maradhi ambayo kila bibi anayajua kwa jina la baridi yabisi, viungo kuuma na kukakamaa. Jina lenyewe ni utambuzi wa tabibu: baridi na ukavu. Sasa mpeleke mgonjwa huyo huyo, goti hilo hilo, Guangzhou. Tabibu wa huko atasema ni bi, na Neijing imeshaeleza bi inavyotokea: upepo, baridi na unyevu vikija pamoja. Baridi wamekubaliana. Lililobaki wamepingana kabisa, mmoja anaona goti limekauka, mwingine anaona limeloa, na wote wawili wanalichua kwa kitu cha moto.

Mimi nauelewa unyevu wa Kichina kwa njia hiyo. Hautachotwa kwa sindano ukawekwa kwenye chupa ya maabara. Ni jina la fungu la dalili, lililopangwa na watu waliochunguza miili kwa karne nyingi katika nchi yenye mvuke mwingi. Mwaka 2009 China ilichapisha kiwango cha aina tisa za maumbile ya mwili, na mbili kati yake ni za unyevu: ya unyevu na makohozi, na ya unyevu na joto. Hata Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa 2019, liliweka sura ya tiba za jadi ambamo unyevu una nafasi yake, huku likieleza kwamba kuorodheshwa si uthibitisho kuwa dawa zake zinaponya.

Unyevu wa baridi, unyevu wa moto

Fungu hilo la dalili lina sura mbili. Kwenye unyevu wa baridi utando wa ulimi ni mweupe, choo ni chepesi, mtu anatafuta shuka na kikombe cha moto. Unyevu wa joto, ambao watu wa Guangdong huutaja kila siku, huja na utando wa njano, kinywa kichungu, mkojo mzito wa rangi, chunusi mgongoni, jasho linalonata. Chai ya huyu ikinywewa na yule, kwa hesabu zao wenyewe, ni kumwagia maji mtu aliyeloa.

Mimea nayo huchaguliwa kwa ladha na harufu. Yenye harufu kali, kama huoxiang, mmea tunaoujua zaidi kwa mafuta ya pachuli, na chenpi, ganda la chenza, husemwa kwamba huamsha pi iliyolala. Michungu, kama huanglian, hukausha na kupoza kwa pamoja. Kisha kuna kundi ambalo kwangu ndilo linalopendeza kuliko yote, la vitu chapwa. Wachina wamehesabu uchapwa kuwa ladha kamili yenye kazi yake: kitu kisicho na ladha hupitisha maji yatoke kwa mkojo. Humo imo fuling, uyoga unaokua chini ya ardhi kwenye mizizi ya misonobari na kuuzwa umekatwa vipande vyeupe kama chaki. Zimo ndevu za mahindi, zile tunazozitupa tukimenya. Limo ganda la boga la kijivu. Kundi la mwisho halifukuzi kitu, linaijenga pi yenyewe. Mle utakutana na fiwi nyeupe, ndugu wa njahi ambayo Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua. Huko China hukaangwa kidogo bila mafuta na kuingizwa kwenye vinywaji vya kiangazi, lakini sharti ziive barabara, maana fiwi mbichi zina sumu.

Chenpi inastahili neno zaidi. Inayosifiwa kuliko zote hutoka Xinhui, Guangdong. Ganda hupasuliwa mikato mitatu likabaki limeshikana kitakoni kama ua, likakaushwa juani, na halihesabiwi kuwa chenpi mpaka lipite miaka mitatu. Chen maana yake ni kuukuu. Kadiri linavyozeeka ndivyo uchachu unavyopungua, rangi inageuka kahawia, na bei inapanda mpaka watu wanalilinganisha na dhahabu. Sisi tunatupa maganda ya machungwa barabarani. Wao wanayarithisha watoto.

Gari la jemadari

Katika chai zote za unyevu, malkia ni yimi. Ni nafaka ya ukoo mmoja na mahindi na mtama, punje yake nyeupe, nene kuliko ya mchele, na katikati ina mfereji wa kahawia. Aina yake ya porini ina ganda gumu linalong'aa, na katika nchi nyingi za joto watu hulitungia shanga na tasbihi. Ile inayoliwa ina ganda laini, na kwa wataalamu wa mimea inabeba jina la mwanajeshi: ma-yuen.

Ma Yuan alikuwa jemadari wa enzi ya Han. Mwaka 41 BK alitumwa Jiaozhi, kaskazini mwa Vietnam ya leo, kuzima uasi ulioongozwa na dada wawili wa ukoo wa Trung. Askari wa kaskazini waliiogopa nchi ile kuliko mishale, kwa sababu ya zhangqi, hewa mbaya ya mabondeni iliyowaangusha kwa homa; wanahistoria wengi wanaona malaria ilikuwa na sehemu kubwa humo. Historia ya enzi hiyo inaandika kwamba Ma Yuan alikuwa akila yimi kila mara, kuufanya mwili mwepesi na kuishinda hewa hiyo. Aliona punje za kusini ni kubwa kuliko za kwao, akataka mbegu, akapakia gari moja akarudi nalo.

Mji mkuu ukanong'ona. Gari linatoka kusini, limefunikwa, nalo ni la mkubwa. Litakuwa na nini kama si mali? Alipokuwa hai hakuna aliyefungua mdomo. Mwaka 49, akiwa vitani katika mabonde ya Hunan, joto lilikuwa kali, askari wake wengi wakafa kwa maradhi, naye akaugua akafa. Hapo ndipo mashtaka yakapelekwa kwa mfalme: lile gari lilikuwa la lulu na pembe za faru. Mfalme Guangwu alighadhibika kiasi kwamba mjane na watoto hawakuthubutu kumzika kwenye makaburi ya ukoo. Heshima yake ilirudishwa baadaye, na Wachina wakabaki na msemo wa yimi na lulu kwa mtu anayesingiziwa wizi. Yimi, kwa upande wake, ikabaki na sifa ya kushinda unyevu, ingawa jemadari aliyeitegemea aliuawa na maradhi ya nchi ya joto na mvuke.

Sufuria yenyewe

Chai ya nyumbani inayopikwa zaidi ni ya yimi na maharage madogo mekundu yaitwayo chixiaodou. Jikoni mambo huenda hivi. Yimi inamwagwa kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, inageuzwageuzwa mpaka iwe ya njano kidogo, ivimbe, na jikoni kunukie bisi. Yimi mbichi huhesabiwa kuwa ya baridi, na kuikaanga ni kuipunguza baridi hiyo. Anayeruka hatua hii halafu analalamika tumbo limemvuruga asiilaumu mila. Maharage yanalowekwa usiku kucha. Asubuhi vyote vinachemshwa pamoja taratibu mpaka maji yawe mekundu, yanachujwa, yananywewa ya moto. Mwenye tumbo la baridi anaongeza tangawizi na kipande cha chenpi. Mchele hautiwi kabisa, kwa sababu unafanya uji uwe wa kunata, na kunata ndiko wanakokukimbia. Sukari wazee wangependa isiwepo.

Ladha? Ni ya maji yaliyochemshiwa maharage na bisi. Haipendezi wala haichukizi, na ukizoea unaikumbuka.

Kwenye maharage kuna mtego. Chixiaodou ni membamba, marefu kidogo, na mgongoni yana mstari mweupe. Yale ya mviringo ya kupikia uji mtamu ni mengine. Ukiyachanganya hupotezi kitu ila wakati. La hatari ni la tatu: mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, zile zinazotungwa shanga, ambazo mmea wake hutambaa pia kwenye vichaka vya Afrika Mashariki. Kichina nazo huitwa maharage mekundu, na watu wamewahi kuzichanganya na chixiaodou. Zina abrini, sumu kali mno, na mbegu moja iliyotafunwa vizuri inaweza kuua. Kwa hiyo nyekundu na nyeusi haiingii sufuriani, hata aliyeileta akiapa.

Chai za dukani ni ukoo mwingine. Chai ya maua matano hupikwa kwa maua makavu, na orodha hubadilika duka hadi duka: jinyinhua, krisanthemu, ua la msufi mwekundu, ua la plumeria, na jingine la tano. Msufi mwekundu, jamaa wa msufi wetu wa magodoro, ndio mti wa fahari wa Guangzhou. Mwezi Machi hutoa maua makubwa kama kiganja kabla haujachipua majani, na yakianguka, bibi wa mtaani wanayaokota na kuyaanika kwenye vizingiti na kando ya barabara. Plumeria utaiona kwenye nyua za hoteli Malindi na Bagamoyo, ua jeupe lenye kiini cha njano, ambalo Wachina huliita ua la yai la kuku. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, upande ule ule yalikotoka mahindi na ndevu zake. Muuzaji akikwambia kila kilichomo kwenye pakiti kimetumika miaka elfu tatu, unaweza kutabasamu kimya kimya. Lakini usikimbilie kuchuma ya uani kwako. Utomvu wa mti huo unawasha.

Kisha kuna ladha ishirini na nne, chai nyeusi chungu ambayo idadi ya mimea yake si lazima ifike hesabu ya jina. Hiyo sina la kuieleza. Mshubiri ni sharubati mbele yake.

Kopo na pakiti

Mila hii sasa imeingia kwenye kopo. Ukisoma maandishi madogo ya chai ya mitishamba ya kopo, mara nyingi kinachofuata baada ya maji ni sukari. Kwa kanuni za tiba yenyewe, kitu kitamu ndicho kinachoigeuza pi kuwa tope. Kinywaji kimejaa dawa ya unyevu na kinachozaa unyevu, kwa bei moja. Kama soda si mbaya, ila kiitwe soda.

Pakiti zinaniudhi zaidi. Siku hizi ukifungua simu Nairobi au Dar unakutana na vifuko vya “chai ya kuondoa unyevu”, yimi, maharage mekundu, fuling, maganda ya machungwa na mbegu za jueming ndani ya mfuko mmoja, vikitangazwa kwa kila mtu: mwenye chunusi, mwenye kitambi, aliyechoka, anayetoa “sumu”. Mila haikusema hivyo. Mila ilisema toa ulimi kwanza. Mbegu za jueming huendesha tumbo, na baadhi ya chai za kupunguza uzito huongezwa sana makki, inayofanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi. Mtu anakwenda chooni mara nne, mizani inashuka, anasema unyevu umetoka. Alichotoa ni maji na chumvi za mwili wake, na akila na kunywa vinarudi. Mbaya kuliko hiyo ni chai za kukondesha zilizochanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani, Ulaya na China mwaka 2010 kwa ajili ya madhara yake kwa moyo. Chai inayokukata njaa siku ya kwanza na kukupa mapigo ya moyo na kukosa usingizi, itilie shaka.

Na lipo tukio la Brussels ambalo kila anayeuza mitishamba hii angepaswa kulijua. Kliniki moja ya kupunguza uzito huko ilikuwa na mchanganyiko wake wa dawa. Mwaka 1990 iliongeza mimea miwili ya Kichina, yote miwili ya jamii ya kuondoa unyevu. Mmoja uliandikwa fangji. Lakini jina fangji hubeba mimea zaidi ya mmoja, na ulioingia kwenye vidonge haukuwa ule uliokusudiwa. Ulikuwa wa jamii ya aristolokia. Wanawake walianza kupoteza figo, wengine wakiwa bado vijana, na ripoti ya kwanza ilichapishwa mwaka 1993. Idadi ya walioumia ilipita 100, na miaka iliyofuata baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Asidi ya aristolokia leo imo kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. China yenyewe iliondoa mimea mitatu ya jamii hiyo kwenye orodha yake ya dawa mwaka 2003 na 2004, mmoja wao ukiwa mutong ya kaskazini-mashariki, nayo dawa ya kupitisha unyevu kwa mkojo. Yimi na maharage hayakuhusika. Lililohusika ni jina moja kubeba mimea miwili, kosa ambalo mnunuzi wa unga uliokwishasagwa hana namna ya kuliona.

Hospitali inasemaje

Baadhi ya mimea hii imechunguzwa maabara, na katika baadhi ya majaribio fuling na ndevu za mahindi zimeonekana kuongeza mkojo kidogo. Kuongeza mkojo si sawa na kuthibitisha kwamba unyevu umetoka, na ushahidi wa majaribio makubwa kwa binadamu ni haba. Hata hivyo sicheki. Mfano wa kunizuia kucheka ni qinghao, mmea wa jamii ya artemisia. Katika karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa za kurudirudia aloweke konzi moja ya mmea huo kwenye maji, aukamue, anywe maji yake. Mtafiti wa China Tu Youyou aliposoma sentensi hiyo karne kumi na sita baadaye aligundua kisichoandikwa: hakuna kuchemsha. Alitumia njia ya joto dogo, artemisinini ikapatikana, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Dawa mseto ya malaria iliyo kwenye kila zahanati yetu imetoka huko. Lakini ilibidi kwanza mmea utoke kwenye kikombe uingie kwenye kidonge chenye kipimo, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya artemisia.

Wa kujihadhari ni hawa. Mjamzito, ambaye hata mila ya Kichina humkataza yimi. Mwenye presha, kwa sababu chai nyingi hutiwa gancao, mzizi mtamu wenye glisirizini, na ukinywewa sana hushusha potasiamu na kupandisha presha. Anayetumia dawa za kukojoa au za kuzuia damu kuganda. Na mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali iliyo ya kawaida katika nchi zenye malaria, yetu ikiwemo: Hong Kong huwakanya wazazi wa watoto wenye hali hiyo wasiwape huanglian wala jinyinhua, ile ya kwenye maua matano. Miguu inayovimba kila jioni, choo chenye damu, uchovu wa miezi, mkojo wenye povu, hivyo vipimwe damu na figo kabla ya kuitwa unyevu.

Guangzhou kwenyewe wanajua kugawa kazi. Nyumba nyingi mwezi Machi zina sufuria ya yimi inayochemka taratibu jikoni, na sebuleni, madirisha yote yakiwa yamefungwa, mashine ya kukausha hewa inayonguruma. Tangi lake linajaa upesi, na kabla ya kulala mtu analitoa kwa uangalifu lisimwagike, analipeleka bafuni, na kumimina maji yaliyotoka hewani.